Baraza la Mbao la Mama Hadija na Majamvi Yasiyotandikwa

Anayewajibika kwa kuanguka kwa baraza la mbao la Mama Hadija ni mkuu wa kitengo cha vibali vya ujenzi, aliyeidhinisha kibali chake na kuthibitisha kwamba kiwanja kilikaguliwa, ilhali hakuna mkaguzi aliyefika. Si fundi Athumani aliyelijenga. Si Mama Hadija aliyeliomba. Si wanawake waliopanda juu yake siku ya harusi. Naliweka jambo hili mwanzoni kabisa kwa sababu katika utumishi wangu niliona taarifa nyingi zilizoanza kwa mvua, zikaendelea kwa mchwa, na zikafika mwisho bila kumtaja mtu.

Ofisi yenyewe siitaji kwa jina, wala kitongoji ilipo nyumba hiyo, kwa kuwa shauri bado halijafungwa na mwenye nyumba ana haki ya utulivu wake. Inatosha kusema kwamba ni katika eneo hili la Handeni na Korogwe, ambako nilitumikia kama mkaguzi wa majengo mpaka nilipostaafu. Ninawaandikia ninyi vijana mnaoshika kazi hiyo sasa, na ninyi mafundi mtakaojenga kwa kutegemea saini za wenzenu. Nitatangatanga kidogo, mnivumilie. Mtu aliyekagua nyumba za watu maisha yake yote hawezi kuizungumzia moja bila kupitia nyingine kadhaa njiani.

Kazi yetu ilikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyetueleza tulipoajiriwa. Mkaguzi huishi katika nyumba ambazo hazipo. Mchoro unaletwa asubuhi, unautandaza mezani, unaweka jiwe kila pembe ili feni isiupeperushe, na kabla chai haijapoa umekwisha kuingia mlangoni, umepita sebuleni, umefungua dirisha lisilo na fremu. Nimekaa katika mabaraza ambayo wenyewe walihama kabla ya kuyajenga. Mpaka leo nikijilaza mchana huyaona yakielea juu ya mahindi, hayana nguzo wala ngazi, na ukungu wa milima ya Usambara ukipita chini yake polepole. Nayapita moja baada ya jingine, kama mtu aliye kazini, na kwa kawaida yote yako sawa.

Ninaposema baraza la mbao simaanishi lile la saruji ambalo kila nyumba inalo mbele ya mlango. Namaanisha sakafu ya mbao iliyoinuliwa kwa nguzo, ikashikizwa kwenye ukuta wa nyumba, ikaachwa wazi kwa upepo. Kwa sheria hilo ni jengo kama jengo lingine. Lina msingi, lina mzigo, lina mpaka wa kiwanja wa kuchunga, na linahitaji kibali kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa.

Kwetu huku baraza la namna hiyo lina historia yake. Katika mashamba ya mkonge ya zamani nyumba ya meneja ilikuwa juu ya kilima, na mbele yake palikuwa na baraza la mbao lililopakwa rangi nyeupe. Wakata mkonge walilipita chini asubuhi wakienda kazini na jioni wakirudi. Walitoka mbali, kila mmoja na lugha yake na dini yake, na wengi hawakurudi kwao. Wajukuu wao ni wakulima na wafanyabiashara sasa, wana viwanja vyao na hati zao, na wengi wakipata nafasi kidogo huja ofisini kuomba kibali cha baraza la mbao.

Mmoja wao alikuwa mzee wa Magoma, mpole sana, aliyevua kofia kila alipoingia ofisini. Nilimwuliza kwa nini asijenge la saruji, lisilo na gharama ya matunzo.

“Babu yangu alilitazama lile baraza la meneja kutoka chini mpaka anazikwa,” akasema. “Mimi nataka nijue kutoka juu kunaonekana nini.”

Kibali alipata, baraza likajengwa, nami nikaenda kwa ukaguzi wa mwisho. Tulikaa pale juu, kila mtu na kikombe chake. Nikamkumbusha maneno yake, nikamwuliza sasa kunaonekana nini. Aliangalia bondeni.

“Mkonge,” akasema.

Tulikaa hivyo mpaka jua likashuka. Taarifa yangu ya siku hiyo ni fupi kuliko zote nilizowahi kuandika.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Bwana Mhando. Alikuwa Mzigua wa Handeni, mrefu, mwenye sauti ndogo, na shati lake halikuwahi kuwa na doa hata siku za kukagua mashimo ya msingi. Alikuwa na maneno machache kuhusu nguzo na mengi kuhusu watu. Alisema mchoro hauwezi kumwonyesha mkaguzi jambo moja tu, nalo ni nani atakayekuja.

Vijana, hapa ndipo penye kiini cha yote, kwa hiyo someni polepole. Mtu wa kwetu anapoomba kibali cha baraza, huandika kwamba ni la mapumziko ya familia. Hasemi uongo. Yeye na mwenzake wamekwisha kujiona pale juu jioni, na wakiona hivyo hawaoni mtu mwingine. Lakini siku akifiwa, kata nzima itakuja kukaa. Siku akioza binti, itakuja tena, na safari hiyo itacheza. Yeye analijua hilo kuliko mkaguzi. Haliandiki kwa sababu kutaja msiba ambao haujatokea ni uchuro, na kutaja harusi ambayo posa yake haijaletwa ni kujitapa. Kwa hiyo mwombaji huacha mzigo halisi nje ya maombi kwa adabu tu, na baraza huchorwa kwa adabu hiyohiyo, jembamba na jepesi.

Bwana Mhando mwenyewe alijifunza hilo kwa njia ngumu. Nilikuwa naye siku alipomwuliza mama mmoja, uso kwa uso, “Mama, ukipata msiba watu watakaa wapi?”

Yule mama aliweka chini ungo aliokuwa akipepetea mchele. “Baba, umekuja kunipa kibali au kunichuria?”

“Kibali, mama.”

“Basi niulize ya kibali. Ya Mungu muulize Mungu.”

“Samahani, mama. Ninaona una binti amekaribia kuolewa.”

“Huyo ndiyo kabisa usimtaje. Kuna watu wanasikiliza.” Akaangalia uani kwa jirani, akashusha sauti. “Lakini wakija, watakaa hapo hapo. Wengine watasimama.”

Tangu siku hiyo Bwana Mhando hakuuliza tena. Alitandika majamvi.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Alifika kiwanjani na vigingi, kamba na futi kamba. Alipima ukubwa wa baraza kama lilivyochorwa, akapigilia vigingi pembeni, akazungusha kamba, likawa baraza limelala chini kwenye majani. Kisha aliazima majamvi msikitini au kwa majirani, akayatandika ndani ya kamba, akamwomba mwenye nyumba awaite watu wa karibu waje wakae kidogo, kwa sababu mkaguzi ana swali. Swali hakuwa nalo. Watu walikuja, kwa kuwa kwetu ukiitwa jamvini huulizi sababu. Walikaa. Kikaletwa kikombe cha uji, akatokea mwenye hadithi, watoto wakaingia katikati, na aliyekosa nafasi akakaa juu ya miguu ya mwenzake. Bwana Mhando alisimama kando, mikono nyuma, akitazama. Alipoona kamba imefunikwa na mapaja ya watu, alitoa kalamu na kuandika juu ya mchoro kwamba nguzo ziongezwe, mihimili iwe minene, na ubao wa ukutani unaoshikilia baraza ufungwe kwa bolti zinazopita ukuta mzima, si kwa misumari.

Hakuna aliyechuriwa. Hakuna aliyejitapa. Mzigo wa baraza ulikuwa umejitaja wenyewe.

Nami nilifanya hivyo kwa miaka yangu yote. Sijui kama mtanielewa nikisema kwamba siku za majamvi zilikuwa siku bora za utumishi wangu. Watu wamekaa chini, juu ya majani, ndani ya kamba, wamekaa kwenye baraza ambalo halijawahi kuwapo, na kila mmoja amekwisha kulizoea. Bibi mmoja alikuwa akigeuka kuangalia nyuma ili asidondoke ukingoni. Ukingo wenyewe ulikuwa kamba ya katani. Upepo ukipita, nami nilihisi uko chini yetu.

Si kila siku ilikuwa hivyo. Pale Kabuku palikuwa na mfanyabiashara wa vinywaji aliyetaka baraza lake litazame barabara kuu ya Segera na Chalinze, na mchoro wake uliingia ndani ya hifadhi ya barabara bila hata kubisha hodi.

“Mheshimiwa,” aliniambia, “mimi nataka nikae niyaone magari.”

“Na hapa ulipochora, magari nayo yatakuona.”

“Kwa mbali.”

“Kwa mbali mara ya kwanza tu.”

Mke wake alicheka mpaka akaingia ndani. Tulilisogeza baraza kando ya nyumba, likatazama migomba iliyoficha barabara. Mwaka uliofuata alinipungia mkono nikiwa ndani ya basi, na nilishangaa aliniona vipi. Baadaye nikagundua kwamba alikuwa ameng'oa migomba yote.

Na kule Kwaluguru niliwakuta ndugu wawili waliosimamisha nguzo za mninga moja kwa moja ardhini, bila zege, wakiamini kwamba mti mgumu hauliwi na mchwa. Kwa ndani zilikuwa zimebaki gamba. Nilibisha hodi juu ya nguzo moja kwa kidole, ikaitikia kama ngoma. Tangu hapo nimewaambia mafundi wote: nguzo isiguse udongo. Mwaga zege, lipande juu ya ardhi, uweke kiatu cha chuma, kisha nguzo ikae juu ya chuma. Na usisahau mbao za mshazari kati ya nguzo na nguzo. Watu waliokaa hulemea kwenda chini, na nguzo iliyosimama sawa inaweza kuwabeba. Watu wanaocheza husukuma kwenda upande, wote pamoja, kwa mwendo mmoja. Kwa hao bila mshazari hakuna baraza.

Sasa nirudi kwa Mama Hadija.

Mama Hadija ni muuguzi mstaafu, mjane, mwenye nyumba safi kwenye mteremko. Ukisimama nyuma ya jiko lake unaona bonde lote, na asubuhi ukungu hulijaza bonde hilo mpaka vilele vya minazi michache ndivyo vinavyobaki. Alitaka kukaa juu ya ukungu huo akinywa chai. Hicho tu ndicho alichotaka, na alinieleza kwa namna iliyonifanya nami nikitake. Mchoraji wa mjini alimchorea baraza la mbao lenye nguzo nyembamba, na juu yake, kwa urembo, akachora viti viwili, meza ndogo na chungu cha maua. Maombi yalipelekwa kwa njia ya mtandao. Palipotakiwa kuelezwa matumizi iliandikwa mapumziko ya familia, kama inavyoandikwa siku zote. Kibali kikatoka. Mama Hadija hakuona mtu akifika na kamba. Majirani hawakuona. Mtendaji wa mtaa, ambaye kwa utaratibu hupaswa kuarifiwa, hakuarifiwa.

Fundi alikuwa Athumani, ambaye namfahamu tangu akiwa na kiduka kidogo cha kutengeneza vitanda. Ni fundi mzuri na anajua hivyo. Hukosi kumsikia sokoni akieleza milango aliyoitengeneza, na kila mlango umeongezeka upana tangu alipoueleza mara ya mwisho. Lakini mchoro huufuata. Ubao wa ukutani ulichorwa wa misumari, akaupigilia misumari, mingi kuliko iliyotakiwa. Mshazari haukuchorwa, hakuuweka. Mkaguzi hakuja kabla ya msingi kufunikwa, ingawa Athumani alimngoja, akakaa bila kazi huku mashimo yakijaa maji ya mvua.

Baraza likasimama. Mama Hadija alikaa juu ya ukungu wake majira mazima ya vuli, na nasikia alikuwa na furaha.

Kisha mwanawe akaoa.

Siku hiyo nilikuwa miongoni mwa waalikwa. Wanaume tulikuwa mbele ya nyumba, chini ya turubai, tumekaa kwa heshima tukingoja pilau. Wanawake walikuwa nyuma, kwenye baraza, kumpokea bibi harusi. Sikuliona baraza siku hiyo. Nililisikia. Kwanza zilikuja sauti za wanawake, zikiongozwa na Bi Mwanahawa, dada mkubwa wa Mama Hadija, aliyetoka Kwaluguru kwa ajili ya harusi hiyo na ambaye sauti yake huijua kila nyumba iliyowahi kuoza binti upande ule. Zikaja vigelegele. Zikaja nyayo, mbao zikiitikia kwa pamoja, polepole, kisha kwa haraka kidogo. Sheikh aliyekaa karibu nami alikuwa amefumba macho, na nadhani nami nilikuwa nimefumba. Alasiri ilikuwa tulivu, na mlio wa zile mbao ulikuwa mzuri, lazima nikiri, ulikuwa kama nyumba yenyewe inatembea. Niliiona ikiondoka taratibu kuelekea bondeni na sisi sote ndani yake.

Ndipo mlio ukabadilika. Haukuwa mshindo. Ulikuwa mlio mrefu wa misumari ikitoka ukutani, na baada yake kimya, na baada ya kimya mtoto akauliza, “Mama, mbona tumeshuka?”

Walishuka kwa kimo cha kiuno cha mtu. Mungu alikuwa mwema, wengi walipata michubuko tu, na bibi harusi alikuwa bado hajapanda ngazi. Bi Mwanahawa alikuwa ukingoni, akiongoza. Nyonga yake ilivunjika. Leo hatembei. Asubuhi wajukuu humbeba mpaka mlangoni, jioni humrudisha.

Nilikwenda kumjulia hali. Alinipokea akiwa amelala upande, kanga imevutwa mpaka kidevuni.

“Shikamoo, Bi Mwanahawa.” Ingawa nami ni mzee, yeye ni mkubwa kwangu.

“Marahaba. Umekuja kunipima?”

“Nimekuja kukuona.”

“Unione basi. Walichonikata ni ubeti, nilikuwa sijaumaliza.” Akaishusha kanga kidogo. “Nasikia wamemkamata yule mvulana.”

“Hawajamkamata. Wamemzuia kujenga.”

“Ni yale yale. Fundi asiyejenga ni nani? Wamwache. Ile mbao ilinibeba vizuri mpaka tulipokuwa wengi, na kuwa wengi hakutukataza mtu.”

Hiyo, vijana, ni taarifa ya ukaguzi iliyo kamili kuliko ile iliyotolewa na ofisi. Taarifa ya ofisi ilisema chanzo ni uzembe wa fundi. Athumani akazuiwa kufanya kazi yoyote ya ujenzi katika wilaya, na karakana yake ikafungwa kwa utepe.

Alikuja kwangu baada ya wiki chache. Alisimama mlangoni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Athumani. Karibu, kaa.”

“Nikae wapi, nisije nikakiangusha.”

Nilimsogezea kiti. Alikikagua miguu kwa dhati kabisa kabla ya kukaa, na sote wawili tukacheka, na kicheko chake kikaisha kabla ya changu.

“Sokoni wananiita Fundi Teremka,” akasema. “Ningevumilia. Lakini jana mteja wangu wa siku nyingi kamleta fundi wa Muheza kumtengenezea kabati. Kabati, mzee. Kabati halipandwi na mtu.”

“Ulifuata mchoro?”

“Mpaka chungu cha maua nilikiweka pale kilipochorwa.”

“Uliona hakuna mshazari?”

“Niliona. Nikasema wakubwa wamepitisha, wamekuja wameona. Kibali kinasema kiwanja kimekaguliwa. Mimi ni nani niseme hakijakaguliwa?”

Ni kweli kwamba sisi ndio tuliomfundisha kuamini hivyo. Tangu enzi za Bwana Mhando tuliwaambia mafundi wasiongeze wala kupunguza, kwa kuwa nyuma ya saini yuko mtu aliyesimama kiwanjani.

Nilivaa suti yangu ya kazi na kwenda ofisini. Sikwenda kama raia mwenye hasira. Nilikwenda kama mtumishi anayefuatilia shauri. Mkuu wa kitengo ni kijana mwenye adabu, alisimama nilipoingia.

“Shikamoo, mzee wangu. Karibu sana. Niagize chai?”

“Marahaba. Chai nimekunywa nyumbani. Nimekuja kwa ajili ya baraza la Mama Hadija.”

“Lile lililojengwa vibaya.”

“Lililojengwa kama ulivyoliidhinisha. Nani alikwenda kulikagua?”

Alipanga kalamu zake. “Mzee, siku hizi tunafanya kazi kwa mfumo. Mchoro ulikuwa wa viti viwili. Kwa viti viwili lilikuwa imara kabisa.”

“Nakubaliana nawe. Nauliza nani alikwenda.”

“Gari halikuwapo kipindi kile.”

“Kwa hiyo hakuna.”

“Hakuna, mzee. Lakini mfumo haukubali maombi yaendelee bila kuweka alama kwamba kiwanja kimekaguliwa. Tungengoja gari, wananchi wangelalamika tunawachelewesha. Tunaweka alama, kazi inakwenda.”

“Na alama hiyo uliiweka wewe.”

“Niliiweka mimi. Kila mtu anaiweka.” Akatabasamu, si kwa dharau, kwa uchovu. “Mzee, yale mambo yenu ya kutandika majamvi yalikuwa mazuri. Mfumo hauna mahali pa kuyaingiza.”

“Na fundi?”

“Ilibidi pawe na mtu wa kubeba lawama.”

Alilisema kwa upole, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Kwa muda nilijiona tena katika ile ofisi ya zamani, mchoro umetandazwa na mawe pembeni, na juu ya mchoro wamekaa watu wote niliowahi kuwaweka ndani ya kamba, wametulia, wananitazama, wakingoja nimjibu. Kisha feni ikazunguka, na nikaona ni kijana mmoja tu mbele yangu, anayeangalia saa.

Nilimwambia kwamba nitaandika. Akasema andika mzee, ni haki yako. Nilipofika mlangoni alinisindikiza mpaka ngazini, maana ana adabu, na hilo ninaliweka wazi ili haki itendeke kwake pia.

Vijana, siuchukii mfumo. Mchoro unaopita kwa mtandao haupotei na hauliwi na panya, na mwananchi wa Kwaluguru hana tena haja ya kulala mjini akingoja afisa arudi. Ninachokipinga ni alama inayosema mtu amefika mahali ambapo hakufika. Gari likikosekana, andika gari limekosekana. Ukaguzi ukichelewa, na uchelewe, na wananchi walalamike. Kulalamikiwa ni sehemu ya kazi na mshahara umekwisha kulihesabu hilo. Lakini ukithibitisha ukaguzi usioufanya, unamwondolea fundi shaka ambayo ingemwokoa, na unamwondolea mwenye nyumba swali ambalo adabu yake ilimzuia kuliuliza. Kisha wote wawili wanabaki peke yao juu ya mbao, wakikuamini.

Kwa hiyo, kwa maandishi haya, nikiwa na akili timamu na bila kushawishiwa na mtu, nadai yafuatayo. Mkuu wa kitengo cha vibali vya ujenzi aliyeidhinisha kibali cha baraza la Mama Hadija atamke hadharani kwamba ukaguzi wa kiwanja haukufanyika na kwamba alithibitisha ulifanyika. Taarifa inayomtaja fundi Athumani kuwa mzembe iondolewe, zuio lake lifutwe, na tangazo la kufutwa kwa zuio libandikwe pale pale lilipobandikwa tangazo la kumzuia, ili waliosoma la kwanza wasome na la pili. Vibali vyote vya mabaraza vilivyotolewa bila mkaguzi kufika vipitiwe upya, kwa miguu, na kila mwenye nyumba ajulishwe ukweli kabla ya kualika watu. Na majibu ya madai haya yasipokelewe kwa mfumo wala kutumwa kwa njia ya posta. Mkuu wa kitengo ayapeleke mwenyewe nyumbani kwa Bi Mwanahawa, akayasome mbele yake kwa sauti, kwa kuwa yeye hawezi kuifuata ofisi. Akikosa gari, njia ya miguu ipo. Shauri hili nalihesabu kuwa wazi mpaka atakapobisha hodi.